Vaoita awakalisha madaktari mkekani

Saa mbili kasorobo asubuhi, jua limeshaanza kuchoma, na Vaoita Samasoni amesimama mbele ya lango la hospitali ya wilaya, kaskazini mwa kisiwa cha Savaii, nchini Samoa. Kwapani ana mkeka uliokunjwa. Mkononi ana chupa ya mafuta ya nazi, na leo hajaificha. Hilo peke yake ni habari.

"Unakwenda kumwona nani leo, mama?" anauliza Sefo, mlinzi wa lango, kwa mazoea tu.

"Simwendei mtu. Nimeitwa."

"Umeitwa na nani?"

"Na mganga mkuu. Barua hii hapa. Isome, tena usiisome kimoyomoyo, soma kwa sauti watu wasikie."

Wajawazito watatu waliokaa ukutani wakisubiri kliniki wanaacha kumenya ndizi zao. Sefo anasoma. Akifika penye maneno "mgeni wa idara ya wazazi" anasita, anarudia, kisha anafungua lango lote, mabawa yote mawili, kama vile gari la wagonjwa linapita.

"Ebo, Sefo! Mimi mnene, lakini si kiasi hicho!" anasema Vaoita, na ukuta mzima unaangua kicheko.

Vaoita ana umri wa miaka sitini na mmoja. Kwa miaka ishirini na mitatu amekuwa akipita katika lango hili saa za kutazama wagonjwa tu, Jumatano na Jumapili, kwa jina la shangazi wa fulani. Kazi yake ni kuwageuza watoto waliokaa vibaya tumboni, wale wanaotanguliza matako na kuacha kichwa juu. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo alikuwa akimwandikisha kwa mlinzi kuwa ndugu, mafuta yanafichwa kikapuni chini ya majimbi, pazia la kitanda linavutwa, na wauguzi wanakumbuka ghafla kwamba wana kazi dirishani.

"Nilianza kuhesabu," anasema Matroni Malama, mkuu wa wauguzi, mwanamke wa miraba minne ambaye hakuna anayethubutu kumkatiza. "Nilipofika wapwa mia mbili na kumi na saba nikamwita pembeni. Nikamwambia, wewe mama, hivi babu yako alizaa kisiwa kizima?"

"Nikamjibu, hapana, alibakiza kijiji chenu," anadakia Vaoita.

Wanawake wa aina yake Wasamoa huwaita taulasea, waganga wa majani na mikono. Kila ukoo na fungu lake. Wapo wanaojua homa za watoto, wapo wa kuungua moto, wapo wa mifupa. Fungu la ukoo wa Vaoita ni tumbo la mjamzito, na hupita kwa wanawake, kutoka bibi hadi mjukuu, kutoka shangazi hadi mpwa.

Kazi hiyo haina bei. Mganga akitaja bei, wanasema, mikono yake hufa ganzi. Basi kila mtu huja na alichojaliwa, maana mkono mtupu haulambwi: makopo ya samaki, jogoo, pengine mkeka mzuri kama mtoto ni wa kwanza. Fedha ya kununulia sukari na kulipia umeme Vaoita huipata kwa kukaanga na kutwanga kakao anayoiuza sokoni Jumamosi, kama tala sitini kwa juma.

"Watu wanadhani mganga ni tajiri," anasema. "Makopo ya samaki ninayo ya kutosha kufungua duka. Lakini jaribu kumpelekea kopo la samaki bwana wa umeme, uone atakavyokutazama."

Ni mcheshi, ila asubuhi hii anacheka haraka mno, na vidole vyake haviachi kuichezea chupa. Ana sababu. Ndani ya wodi anamsubiri Perenise, msichana wa miaka ishirini na minne mwenye mimba ya wiki thelathini na saba, mimba yake ya kwanza. Mtoto wake ametanguliza matako. Asipogeuka, Perenise atapasuliwa juma lijalo. Mganga mkuu, Daktari Filemoni, ameruhusu Vaoita ajaribu mbele ya macho yake, mashine ikitazama na chumba cha upasuaji kikiwa tayari.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo. Vaoita hakujaliwa binti. Katika ukoo wote, mwenye mikono ni mmoja tu, Onosai, binti wa kaka yake, na Onosai ni mkunga mwenye cheti wa hospitali hii hii. Siku aliyoajiriwa alitia saini karatasi inayosema hatafanya wala kujifunza tiba yoyote isiyo ya hospitali. Akikiuka, cheti kinakwenda.

"Fikiria," anasema Onosai, mwenye miaka ishirini na tisa. "Nyumbani naambiwa una mikono ya bibi. Kazini naambiwa iweke mfukoni. Nimesimama mara ngapi nje ya lile pazia nikisikia shangazi anafanya kazi, na mimi natazama dirishani kama mjinga!"

Leo madaktari wakikubali, Onosai ataruhusiwa kufundishwa. Wakikataa, Vaoita atakapokufa, ataondoka na ufundi huo.

Hadithi hii haikuanza na Onosai. Bibi yake Vaoita, aliyeitwa Fuatino, ndiye aliyezalisha nusu ya kijiji chao wakati wa utawala wa wageni. Vaoita anaisimulia habari hiyo akiwa ameketi kwenye benchi la korido, mkeka magotini, wakati wa kuitwa bado haujafika.

"Walikuja wakachagua vijana wa kiume, wakawapeleka kusoma, wakarudi na mikoba ya dawa. Si vibaya. Wasichana nao wakachaguliwa, wakapewa aproni na ndoo. Bibi yangu hakuchaguliwa popote. Aliambiwa yeye ni mambo ya giza. Asubuhi walimwita amgeuze mtoto wa karani wa serikali, mtoto akageuka. Jioni wakamwita barazani, wakamwambia aache uchawi. Unajua nani alikaa mbele kabisa akitikisa kichwa? Yule yule karani!"

Anapiga goti lake kwa kicheko, kisha kicheko kinakatika.

"Na ni wanawake, kamati ya akina mama ya kila kijiji, waliokuwa wakikagua vyoo, wakipima watoto uzito, wakisafisha visima. Afya ya nchi hii imebebwa kichwani na wanawake. Lakini ukiitwa mkutano wa afya, wao kazi yao ni kumimina chai."

Hasira hiyo ameimeza miaka mingi, na si hasira ya bure. Miaka minne iliyopita alipata nafasi kama ya leo. Daktari mmoja kijana, mzawa wa huku lakini aliyekulia Auckland, alisikia sifa zake akamwalika aonyeshe ufundi. Mgonjwa alikuwa binti wa mtu mwenye cheo. Alilazwa juu ya kitanda kirefu cha chuma, na Vaoita akaambiwa asimame hapo, aanze.

Hakuanza. Desturi ya Kisamoa haikubali usimame wima juu ya mtu aliyelala, sembuse binti wa mwenye cheo. Unakaa chini, unakunja miguu, unakuwa sawa naye. Watoto wa miaka mitatu wanalijua hilo. Lakini kumfundisha daktari adabu mbele ya watu ni kumvua nguo, na Vaoita hakuweza kumfanyia mwenyeji wake aibu hiyo. Akainama, akaomba radhi kwa sauti ya chini, akabeba chupa yake akaondoka.

Wauguzi wote mle ndani walielewa. Nao pia, kwa adabu hiyo hiyo, wakanyamaza. Kijana wa watu akabaki kuandika alichokiona: mhusika alishindwa kufanya kazi.

"Heshima yangu iliandikwa kuwa ujinga," anasema Vaoita. "Miaka minne naitafuna. Mtu mmoja tu angefungua mdomo! Hata mimi mwenyewe!"

Aliyeufungua mlango tena ni Daktari Filemoni, na hakuufungua kwa huruma. Alihamia hapa mwaka jana, akapitia majalada ya wodi ya wazazi, akakuta jambo la ajabu. Wilaya hii ilikuwa na watoto wengi mno waliotanguliza matako, kisha wakageuka bila kuguswa na mtu. Kila jalada lilikuwa na maneno yale yale: "Mtoto aligeuka mwenyewe."

"Nikajiambia, hawa ni watoto watiifu kuliko wote duniani," anasema daktari huyo, mtu mrefu mwenye tumbo la kutosha. "Kisha nikatazama tarehe. Wanageuka Jumatano na Jumapili! Jumatatu hakuna hata mmoja. Nikamwita Matroni nikamuuliza, watoto wa huku wana kalenda?"

Matroni Malama alijaribu kukaza uso, akashindwa. Ndivyo barua ilivyoandikwa.

Saa tatu na nusu wanaitwa. Vaoita anapiga moyo konde, anaingia. Na kitu cha kwanza anachokiona ni kitanda kirefu cha chuma.

Perenise amelazwa juu yake, macho yamemtoka. Kando yake ipo mashine ya picha za tumbo. Kuzunguka kitanda wamesimama Daktari Filemoni na madaktari wanafunzi watatu, makoti meupe, mikono nyuma. Vaoita anasimama mlangoni, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Shangazi," ananong'ona Onosai, aliyeingia nyuma yake. "Nakuomba. Leo tu. Simama hivyo hivyo."

Vaoita anamtazama mpwa wake. Anamtazama Perenise. Halafu anafanya jambo ambalo miaka minne iliyopita hakulifanya: anafungua mdomo.

"Daktari, niwie radhi sana. Umenialika vizuri, nakushukuru. Lakini mimi sisimami juu ya mtoto wa mtu. Ninafanya kazi chini."

Anatandika mkeka sakafuni.

Daktari Filemoni anakuna kidevu. Tatizo, anasema, ni mashine. Waya wake ni mfupi, hautafika chini.

"Waya ule wa nyongeza unafika mpaka kwenye birika langu la chai," anasema Matroni Malama kutoka pembeni. "Utafika na hapa." Anatoka kwa hatua ndefu, anarudi na waya, na kabla mtu hajatoa hoja nyingine, mashine imeshashushwa juu ya kigoda na Perenise mwenyewe ameteremka kitandani, ameshajilaza mkekani na mto chini ya nyonga. Uso wake umebadilika papo hapo.

Vaoita anakaa, anakunja miguu, anaifunika kwa lavalava, kitambaa alichojifunga kiunoni. Anasugua mafuta viganjani. Anasubiri.

Wanasubiri wote. Dakika inapita.

"Kuna tatizo jingine, mama?" anauliza daktari.

"Mmenisimamia kama minazi. Nyumba yenye watu wamesimama mtoto hageuki. Anadhani kuna ugomvi."

Onosai anajifunika uso. Wanafunzi wanamtazama mkuu wao. Naye Daktari Filemoni, mzawa wa kisiwa hiki, aliyelelewa na bibi yake kwenye mkeka kama wenzake wote, anatikisa kichwa kwa haya, anapandisha suruali magotini, na kuanza kushuka. Anashuka kwa awamu. Goti la kwanza linalia ko! La pili linaitikia ko! Mshono wa suruali nao unatoa neno lake.

Perenise anapasuka kicheko. Anacheka mpaka tumbo linatikisika, na wanafunzi, ambao sasa nao wamekaa duara mkekani, wanacheka kwa kujificha, na daktari anacheka kuliko wote.

"Hapo hapo!" anasema Vaoita, na mikono yake imeshafika tumboni. "Cheka tena, mwanangu. Mnaona? Gusa hapa, daktari. Lilikuwa jiwe, sasa ni unga. Tumbo la mwoga halifunguki."

Daktari anagusa. Uso wake unabadilika. Anawaambia wanafunzi wake waguse pia, mmoja mmoja.

Kisha kazi inaanza, na hakuna anayecheka tena. Mapigo ya moyo wa mtoto yanasikika mashineni, ya haraka, sawasawa. Kiganja cha kushoto cha Vaoita kinayainua matako ya mtoto kutoka kwenye nyonga, kiganja cha kulia kinakibembeleza kichwa kiteremke. Hasukumi. Anangoja pumzi ya Perenise itoke, anaifuata, anaposikia pumzi inarudi anatulia. Kwenye kioo cha mashine mtoto anaonekana akisogea kidogo, robo ya njia. Halafu anarudi palepale.

Mara ya pili anafika nusu. Onosai ameuma kidole. Ghafla Vaoita anasimamisha mikono.

"Amechoka," anasema. "Tumwache apumzike."

"Mapigo yako sawa," anasema mwanafunzi mmoja. Hajamaliza sentensi, mapigo yanapungua kasi. Wote wanayasikia. Daktari Filemoni anainua mkono, yuko tayari kusimamisha kila kitu, lakini mikono ya Vaoita imeshaachia zamani. Baada ya muda mfupi mapigo yanapanda tena, yanashika mwendo wake wa mwanzo.

Daktari anamgeukia mwanamke yule. "Ulijuaje kabla ya mashine?"

"Aliacha kunijibu mkononi."

Wanapumzika dakika tano. Jaribio la tatu, daktari anasema, litakuwa la mwisho. Perenise anafumba macho. Vaoita anamsogelea, anaanza kumsimulia, polepole, jinsi wavulana waliompenda mama yake Perenise walivyokuwa wakiiba maembe ili wampelekee, na midomo ya msichana inaanza kutabasamu, na mikono inaanza kwenda. Robo. Nusu. Mtoto anakwama. Vaoita hasukumi, anangoja. Pumzi inatoka, na mtoto anazunguka kama mtu usingizini anayetafuta upande wa baridi wa mto, tumbo lote la Perenise linajipinda upande mmoja, kisha linatulia.

"Ameshuka," anasema Vaoita.

Daktari anasogeza mashine. Kwenye kioo, chini kabisa, pale pale panapotakiwa, kimetokea kichwa. Mapigo yanakwenda vizuri.

Matroni Malama anapiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Onosai analia na kucheka kwa pamoja. Perenise anauliza mara tatu kama ni kweli, na kila akijibiwa anauliza tena. Wale wajawazito wa nje, ambao bila shaka walikuwa wamebandika masikio mlangoni, wanaimba.

Furaha ikitulia, daktari anaomba jalada. Anaandika akiwa amekaa pale pale chini, goti ndilo meza yake, kisha anamgeuzia Vaoita asome: "Mtoto amegeuzwa na Vaoita Samasoni."

Vaoita anasoma, anapitisha kidole juu ya wino. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hana utani.

"Bibi yangu aliwageuza watoto miaka arobaini," anasema hatimaye. "Hakuna karatasi yenye jina lake. Hata moja."

Daktari Filemoni anatoa uamuzi wake papo hapo. Kwa miezi sita ya majaribio, kila Jumatano, mkeka utatandikwa wodini. Kila mama atapigwa picha ya tumbo kwanza. Mwenye kutoka damu au kondo lililokaa chini haguswi.

"Hilo la damu ni sharti la bibi yangu," anasema Vaoita. "Ninyi mmechelewa tu kulijua."

Na Onosai? Daktari anasema ile karatasi aliyotia saini inaachwa kando kwa muda huo wa majaribio, na atajifunza saa za kazi, akiwa na sare yake. Mwanafunzi mmoja wa kiume anainua mkono kuuliza kama naye anaweza kujifunza. Vaoita anamshika vidole, anavikagua, anamrudishia.

"Wewe kata kucha kwanza. Halafu ukune nazi mwaka mmoja, mikono ipate joto. Babu zako walitufungia mlango, mimi sikufungii. Lakini foleni utapanga."

Mpango wake anautaja bila kuulizwa mara mbili. Anataka wanafunzi sita kabla ya mwaka kwisha, wawili wa vijijini na wanne wakunga wa hospitali, wajue mkono na wajue mashine. Anataka mkeka katika kila wodi ya wazazi ya kisiwa hiki. Na akina mama wa kamati, anasema, safari hii waketi mkutanoni, chai wamimine wengine.

Hakungoja Jumatano ifike. Alasiri hiyo hiyo mmoja wa wale wajawazito wa ukutani amelala mkekani, ameshapigwa picha, mtoto wake naye katanguliza matako. Vaoita anachukua viganja vya Onosai, anaviweka tumboni, anaweka vyake juu. Wanakwenda pamoja kwa muda. Kisha shangazi anaondoa mikono yake, anaikalia.

"Shangazi, usiniache!"

"Nipo hapa, siendi popote. Kichwa kiko wapi?"

Onosai anafumba macho. Vidole vyake vinatembea, vinasita, vinarudi.

"Hapa... la. Ngoja. Hapa! Shangazi, nimekipata! Kinanijibu!"

Vaoita anavuta pumzi ndefu, na machozi aliyoyazuia kutwa nzima yanamshuka bila aibu.

"Basi," anasema. "Sasa naweza kuzeeka."